Aliyewekewa mchele hakukubali, alizimwa

  Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalovunja nyumba nyingi kimyakimya, nalo ni kisa cha mtu wa familia kurudi mikono mitupu na kusema, "Walinifanyia dawa, nikawa nafanya kila waliloniambia."

Visa hivi, kama ujuavyo, huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kijana aliyeteremka kutoka Molo na pesa za viazi, au aliyetumwa mjini na karo ya muhula. Anaingia mahali pa kula, anapata rafiki wa ghafla, wanakunywa soda au bia. Anaamka siku ya pili kando ya barabara, hana simu, hana pesa wala viatu. Sura ya pili ni ya mama anayetembea mchana kweupe, akasimamishwa na mtu nadhifu anayeuliza njia. Mtu wa pili anatokea kana kwamba hajuani na yule wa kwanza. Wanaongea. Baada ya nusu saa mama yule, kwa miguu yake mwenyewe, ameingia benki, ametoa akiba yote na kuwakabidhi.

Wote wawili husema maneno yale yale: "Sikuwa na akili zangu." Na hapo ndipo nyumba hugawanyika. Baba hunguruma kwamba mtoto amekula pesa na sasa anatunga hadithi. Shangazi hushikilia kwamba ni unga uliopulizwa usoni. Jirani hunong'ona kwamba ni uchawi. Aliyeibiwa huketi kati yao akiwa ameinamisha kichwa, na aibu inamla kuliko hasara yenyewe.

Je, kuna dawa iwezayo kumfanya mtu mzima atii amri ya mtu asiyemjua? Swali hili halikuanza kwetu. Madaktari, polisi na hata majasusi wa mataifa makubwa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 100. Tulitazame polepole, kwani jibu lake ndilo litakalokuonyesha namna ya kumpokea mwanao akirudi hivyo.

NENO PEKE YAKE LINA NGUVU GANI?

Wenyeji wa Nakuru hawahitaji kufundishwa kwamba akili ya mtu yaweza kuacha njia. Kreta ya Menengai, hapo juu ya mji wetu, ina sifa tangu zamani ya watu kupotea humo kwa saa nyingi, kisha wasijue walikuwa wapi. Wakikuyu huuita mlima huo Kirima kia Ngoma, yaani kilima cha mashetani. Wataalamu nao wana jina la hali ambayo mtu huzama ndani ya mawazo kwa kuongozwa na maneno ya mwenziwe: huiita hipnosisi.

Hali hii ilianza kupata umaarufu mjini Paris miaka ya 1780, kupitia daktari Franz Mesmer, aliyedai kwamba anatibu kwa nguvu isiyoonekana inayotoka mwilini mwake. Mwaka wa 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza madai hayo, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Mmarekani Benjamin Franklin. Tume ilikuta kwamba wagonjwa walitetemeka na kuzirai pale tu walipoamini kwamba wanatibiwa. Wasipojua, hakikutokea kitu. Nguvu haikuwa mkononi mwa Mesmer. Ilikuwa katika fikra za mgonjwa.

Miaka 60 hivi baadaye daktari wa Manchester, James Braid, akaliendeleza jina la hipnosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Jina hilo limepotosha wengi, kwa sababu hipnosisi si usingizi. Mtu husikia, hujibu, na aghalabu hukumbuka. Tofauti ni kwamba amekaza fikra mahali pamoja, na neno analoambiwa hugeuka kuwa hisia. Ukimwambia mkono wako ni mzito kama jiwe, mkono huanza kushuka wenyewe.

Lakini si kila mtu hushuka mkono! Mwaka wa 1959 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waitwao Weitzenhoffer na Hilgard, walitunga mtihani wa kupima wepesi wa kushawishika. Mtihani huo una hatua 12, kuanzia mkono kuwa mzito hadi kusikia nzi ambaye hayupo. Watu wachache, kama mmoja katika kumi au zaidi kidogo, hufuata karibu hatua zote. Idadi kama hiyo hawafuati karibu lolote. Sisi wengine tuko katikati. Jambo la kushangaza ni kwamba tabia hii haibadiliki upesi: watu waliopimwa Stanford na kupimwa tena baada ya miaka 25 walipata alama zinazokaribiana na zile za ujana wao.

Hapo ndipo watafiti walipojiuliza: ikiwa wepesi huu ni kama kimo cha mtu, je, kuna dawa ya kuurefusha?

DAWA ZINAZOTENGANISHA AKILI NA MWILI

Dawa zilizoshukiwa zaidi ni zile ziitwazo dawa za kutenganisha. Maarufu kuliko zote ni ketamini. Ilitengenezwa mwaka wa 1962 na mwanakemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis huko Detroit. Mnamo Agosti 1964 daktari Edward Domino na mwenzake Guenter Corssen waliijaribu kwa mara ya kwanza kwa wanadamu, nao walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson, jimbo la Michigan. Wafungwa hao walisema walijiona wakielea angani, hawana habari na mikono wala miguu yao. Macho yalikuwa wazi, lakini mtu hakuwepo. Mke wa Domino, aitwaye Toni, ndiye aliyependekeza jina hilo la kutenganisha, kwani mgonjwa alikuwa kama aliyetengwa na mwili wake.

Usidhani hii ni dawa ya mbali, msomaji. Tangu mwaka wa 1985 ketamini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ukienda kupasuliwa katika hospitali ndogo ya mashambani, yaelekea ndiyo utakayodungwa. Sababu ni kwamba haizuii pumzi kama dawa nyingine za nusukaputi, wala haihitaji mashine kubwa au umeme usiokatika. Kuanzia mwaka wa 2013 kulikuwa na mpango magharibi mwa Kenya wa kuwafundisha wahudumu wa afya wasio wataalamu wa nusukaputi namna ya kuitumia kwa dharura, mathalani mama anapohitaji kupasuliwa ili ajifungue na mtaalamu hayupo. China ilipopendekeza katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 2015 kwamba ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilipinga, likisema hospitali za nchi maskini ndizo zingeumia.

Ndugu yake mkubwa ni gesi ya nitrasi oksaidi, ile inayojulikana kama gesi ya kuchekesha. Humphry Davy aliivuta huko Bristol, Uingereza, mwaka wa 1799 na kushangaa jinsi inavyofuta maumivu. Mnamo Desemba 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe akiwa ameivuta. Hadi leo hutumiwa na madaktari wa meno na kwa akina mama wenye uchungu wa kuzaa katika nchi nyingi.

JE, DAWA HIZI HUONGEZA UTIIFU?

Mwaka wa 2009 watafiti wawili wa London, Whalley na Brooks, walichapisha jaribio la kujibu swali hilo hilo. Waliwachukua watu 30. Kila mmoja alivuta gesi ya kuchekesha kwa kipimo cha chini katika kikao kimoja, na hewa ya kawaida katika kikao kingine, kisha akapewa maneno ya ushawishi kama yale ya mkono mzito. Matokeo? Gesi iliongeza wepesi wa kushawishika, naam, lakini kwa takriban asilimia 10 tu. Pia iliwafanya wapate picha za mawazo zilizo wazi zaidi.

Tafakari hesabu hiyo. Asilimia 10 yaweza kumfaa daktari wa meno anayemwambia mtoto kwamba jino lake linalala. Haiwezi kumgeuza mama mwenye akili timamu akawa mtumwa wa mpita njia. Kuhusu ketamini, yaliyoandikwa ni machache, mengi yakiwa ya mgonjwa mmoja mmoja hospitalini. Na kuna jambo linaloweka mpaka: ukiongeza kipimo, mtu huacha kusikia maneno yako kabisa. Anaelea. Mtu asiyesikia hatii.

Wataalamu wa nusukaputi wanajua siri nyingine inayofaa kutajwa. Mgonjwa wa ketamini huweza kuzinduka akiwa na ndoto za kutisha. Ndiyo sababu hufundishwa kuzungumza naye kwa upole kabla ya sindano, kumtaka afikirie mahali anapopapenda, na kumwacha azinduke pasipo kelele wala mwanga mkali. Neno linaloingia mlangoni kabla dawa haijafunga mlango huo laweza kumfuata mgonjwa hadi ndani. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

NDOTO YA ZAMANI YA MAJASUSI

Tamaa ya kupata dawa ya utiifu imewapoteza wakubwa. Mwaka wa 1922 daktari Robert House wa Texas aliwapa wafungwa wawili wa jela ya Dallas dawa iitwayo skopolamini, akiamini kwamba mtu akipewa hawezi kusema uongo. Magazeti yakashangilia "dawa ya ukweli". Baadaye ikaonekana kwamba waliodungwa walisema ukweli, uongo na ndoto kwa pamoja, wala hakuna aliyeweza kuyachambua. Mwaka wa 1953 shirika la ujasusi la Marekani lilianzisha mpango wa siri ulioitwa MKULTRA. Walijaribu dawa za kila aina, pamoja na hipnosisi, mara nyingine kwa watu ambao hawakujua kwamba wanajaribiwa. Mkuu wa shirika hilo aliamuru kumbukumbu nyingi ziharibiwe mwaka wa 1973. Yaliyosalia yalipofika mbele ya Baraza la Seneti mwaka wa 1977, hakuna aliyeweza kuonyesha dawa hata moja ya kumwendesha mtu kama baiskeli. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2010 kwamba kumdunga mshukiwa dawa ili aseme bila ridhaa yake ni kuvunja katiba.

Mfano wa karibu nasi ni wa kusikitisha. Skopolamini hupatikana katika mmea wa mnanaha, gugu lenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba, ambalo mkulima wa huku kwetu hulikuta shambani na kandokando ya njia. Mnamo Machi 2019 chakula cha msaada kilichochanganyika na kemikali za mmea huo kiligawiwa huko Karamoja, Uganda, zikiwemo sehemu za Amudat, karibu na mpaka wetu wa Pokot. Karibu watu 300 waliugua na watano wakafa. Je, walikuwa watiifu? La hasha! Walichanganyikiwa na kuweweseka, wakaona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya "unga wa utii" unaosimuliwa mitaani: ni sumu, wala haina adabu.

BASI MCHELE HUFANYA NINI?

Sasa turudi kwa yule kijana wa viazi. Kile wanachokiita mchele, kwa visa vingi vinavyotajwa nchini, ni vidonge vya usingizi au vya kutuliza wasiwasi vilivyosagwa na kutiwa katika kinywaji. Dawa hizi hufanya mambo matatu kwa pamoja. Hulegeza mwili. Hupunguza ile hadhari inayotufanya tuseme "hapana". Na huzuia ubongo usiandike kumbukumbu. Hili la tatu ndilo linalotatanisha watu. Mtu aweza kutembea, kujibu maswali, hata kutaja namba ya siri ya simu yake, na asubuhi asikumbuke hata neno moja.

Kwa mtazamaji wa pembeni hali hiyo yafanana na utii. Anaonekana akiandamana na mwizi, ameshikwa bega kama rafiki. Lakini hakukubali chochote, kwa sababu yule mwenye kukubali na kukataa ndani yake alikuwa amezimwa. Mlinzi akilevywa, wezi wakapita langoni, huwezi kusema kwamba mlinzi aliwafungulia.

Na hatari kubwa zaidi si pesa. Vidonge hivi vikikutana na pombe, pumzi huweza kusimama. Si wote wanaoamka kando ya barabara.

Ama yule mama wa benki, kisa chake ni kingine. Yaelekea hakuna dawa iliyompata. Hakunywa kitu, alitembea sawasawa, alijaza fomu benki bila kukosea, na anakumbuka nguo walizovaa na maneno waliyosema. Mtu aliyelewa dawa hana kumbukumbu kamilifu namna hiyo. Unga wa kupulizwa hewani, au karatasi ya kunusishwa barabarani, haujathibitishwa na wataalamu wa sumu kwamba waweza kumtawala mtu kwa dakika chache bila kumzimisha.

Kilichompata ni neno. Walimharakisha asipate nafasi ya kufikiri. Walimtia tamaa kidogo, kisha hofu, kisha siri: "Usimwambie mtu." Walikuwa wawili, na wa pili alipokubali upesi, mama naye akaona aibu kukataa. Akili iliyobanwa hivyo hukaza mahali pamoja, kama katika hipnosisi, na ikizinduka hujishangaa. Kusema "nilifanyiwa dawa" si lazima uwe uongo. Ni jina pekee alilo nalo la kueleza kitu kilichomtokea kweli.

Wala tusimcheke. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Serikali ilisema wengi wao ni wafuasi walioambiwa wafunge hadi kufa. Maneno yaliyorudiwa kwa miezi, mbali na jamaa, yalifikisha watu mahali ambapo hakuna kidonge cha usingizi kingewafikisha. Mwenye kudhani kwamba yeye hawezi kushawishika hajakutana na mshawishi wake.

SHERIA IKO UPANDE WA ALIYEZIMWA

Katika nyumba nyingi swali la kwanza huwa, "Kwa nini ulikunywa?" Sheria ya Kenya huuliza swali tofauti. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba mtu anayempa mwingine dawa ya kulevya akili kwa nia ya kutenda uhalifu aweza kufungwa maisha, hata akijaribu tu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 nayo imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 27 kinamwadhibu kwa kifungo kisichopungua miaka 10 anayempa mtu kitu cha kumzima kwa ajili ya ngono. Na kifungu cha 43 chaeleza kwamba mtu aliyelala, aliyepoteza fahamu, au ambaye dawa na pombe zimemvuruga akili, hahesabiwi kuwa na uwezo wa kukubali.

Wasichana wetu wa vyuo, na wavulana pia, walishike jambo hili. "Lakini hukupiga kelele" si hoja. "Lakini ulimfuata mwenyewe" si hoja. Aliyezimwa hana ridhaa ya kutoa.

KWENU WANAFUNZI

Najua wapo watakaosoma haya na kuanza kuwaza: ikiwa gesi huongeza mawazo kwa asilimia 10, kwa nini tusijaribu chumbani, mmoja avute na mwingine amwongoze kwa maneno? Nawasihi, msijaribu. Watu 30 wa London walikuwa chini ya uangalizi, wakipewa gesi iliyochanganywa na oksijeni kwa kipimo. Gesi hiyo ikivutwa mara kwa mara huharibu vitamini B12 mwilini, na vijana wamejikuta miguu imekufa ganzi. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake ya starehe mnamo Novemba 2023. Ketamini nayo, ikizoewa, huchoma kibofu cha mkojo hadi mtu hukojoa damu. Mnamo Oktoba 2023 mwigizaji Matthew Perry, aliyependwa duniani kote, alikutwa amekufa majini nyumbani kwake Los Angeles. Wachunguzi walisema ketamini ndiyo iliyomwua, na kuzama majini kulichangia.

Tena yupo atakayekuambia kwamba atakutia katika hipnosisi ili ukumbuke uso wa mwizi. Mkatae kwa heshima. Kumbukumbu ambayo dawa ilizuia isiandikwe haipo mahali popote pa kufukuliwa. Atakachokupa ni picha mpya, nawe utaiamini.

MANENO YA KWANZA NYUMBANI

Basi mwanao, mkeo au ndugu yako akirudi katika hali hiyo, fanya nini?

Kwanza, pumzi. Akiwa bado analala au anayumba, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, wala usimpe kahawa, maziwa au chochote cha kumtapisha. Mpeleke hospitali upesi. Pili, mwombe daktari achukue mkojo na damu mapema, kwa sababu dawa nyingi za aina hii hutoka mwilini kwa saa chache au siku chache tu. Kama kuna shaka ya kunajisiwa, asioge wala kufua nguo, na afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Tatu, funga laini ya simu na akaunti ya benki, kisha piga ripoti polisi na uchukue namba ya kitabu cha matukio pamoja na fomu ya P3. Kama kuna tatizo la dawa za kulevya nyumbani, NACADA hupokea simu bila malipo kwa namba 1192.

Nne, na hili ndilo nililotaka ulishike kuliko yote: chunga maneno yako. Nilikuambia kwamba neno linaloingia akili ikiwa laini humfuata mtu hadi ndani. Mtu anayezinduka kutoka katika mchele ana shimo katika kumbukumbu zake, na shimo hutafuta cha kulijaza. Mwaka wa 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus wa Marekani aliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine aliwauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Juma moja baadaye, wengi zaidi wa kundi la pili walisema waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Hao hawakunywa chochote. Je, aliyezimwa?

Kwa hivyo usimwulize, "Ni yule msichana mwenye nguo nyekundu, sivyo?" Wala usimwambie, "Ni rafiki yako wa Kaptembwa aliyekuuza." Utamtia mtu asiye na hatia jela, na mwizi ataendelea kula mjini. Sema tu, "Tueleze unachokikumbuka," kisha nyamaza. Akisema "sikumbuki", liandike kama lilivyo. Sikumbuki ni ushahidi pia.

Na kabla ya swali lolote, kuna sentensi ndogo inayopasa kutangulia. Si ya wataalamu, ni ya wazazi. Mwambie, "Umefika nyumbani. Hukukosa." Wezi walimpata akili yake ikiwa imefunguka, wakatia neno lao. Sasa yuko mbele yako, akili ingali imefunguka vile vile. Ukimwita mjinga au mwongo saa hiyo, neno hilo litakaa naye miaka mingi baada ya karo kulipwa upya. Pesa hutafutwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.